Kidonge cha Jioni

Bibi yangu Mwamvita hajawahi kula kitu peke yake. Ukimkuta anamenya chungwa, nusu iko mkononi mwako kabla hujamaliza kumwamkia. Akinunua samaki mmoja wa mgebuka sokoni, kichwa kinakwenda kwa jirani wa kushoto, mkia kwa jirani wa kulia, na sisi tunakula kilichobaki katikati huku tukilamba vidole kama watu walioshiba. Mgeni akiuliza hapa mtaani kwetu Tabora nyumba ya Bi Mwamvita muuza asali, haonyeshwi kwa mkono. Anasindikizwa hadi mlangoni, kwa sababu anayesindikiza anajua naye hatakosa kulambishwa kijiko.

Asali ndiyo kazi yake tangu mama yangu hajazaliwa. Anapanda treni hadi Igalula, mara nyingine anapitiliza hadi Goweko, anashuka na ndoo zake tupu, kisha anaingia ndani kwa miguu kuwafuata warina asali vijijini kwao. Anachovya kidole, anaonja, ananuna, anaonja tena. "Hii mmeipiga moshi mwingi, inanukia jiko," anawaambia, nao wanacheka kwa sababu ni kweli. Nyumbani anaichuja kwa kitambaa cheupe, taratibu, akiwa amekunja miguu mkekani.

Hiyo miguu anajivunia balaa. Babu yake alikuwa mpagazi, mmoja wa wale Wanyamwezi waliobeba pembe za ndovu mabegani kutoka huku hadi pwani na kurudi na majora ya nguo. Ukimwambia apande bodaboda anakutazama kama umemtukana.

"Miguu hii nimeirithi, Najiat. Sikuinunua dukani nikaogopa kuichakaza."

Sasa nieleze habari ya kopo, maana bila kopo mtu hawezi kuelewa yaliyotokea.

Juu ya kabati la vyombo, Bibi alikuwa na kopo kubwa la maziwa ya unga. Ndani hamkuwa na maziwa. Mlikuwa na vidonge vya mtaa mzima. Mtu akiumwa, akapewa dawa hospitali, akapata nafuu, vilivyobaki anavileta kwa Bibi: "Mimi nimeshapona, weka hivi vitamfaa mwenzangu." Na kweli vilimfaa mwenzake, au tulidhani vinamfaa. Rangi mbili ndizo zilizopendwa zaidi, zile kapsuli nyekundu na njano. Mtu anakuja anashika koo, Bibi anapanda kigoda, anashusha kopo, anatumbukiza mkono.

"Chukua viwili. Kimoja meza sasa, kimoja ukilala. Ukiona nafuu, acha. Vikibaki rudisha."

Senti hachukui. Kwake ilikuwa sadaka, kama kumpa mpita njia maji. Na hiyo "ukiona nafuu, acha" aliisema kwa kila mtu, awe na jino, jipu, kikohozi au tumbo.

Nilipoingia kidato cha tatu, mwalimu wetu wa baiolojia alitufundisha kwamba dawa za kuua bakteria lazima umalize dozi. Nikarudi nyumbani na habari hiyo kama mtu aliyeokota almasi.

"Bibi, mwalimu kasema lazima mtu amalize dozi yote."

"Yote?"

"Yote, Bibi."

"Na wa kesho atakunywa nini?"

 Akaniambia nikamsalimie mwalimu.

Msumari ulimchoma Bibi huko Igalula. Alikuwa anavuka reli na ndoo kichwani, akakanyaga kipande cha ubao, msumari ukapenya ndala ukaingia chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia. Kwa alivyosimulia mwenyewe, aliweka ndoo chini bila kumwaga tone, akauchomoa, akapaka asali, akachana pindo la kanga akafunga, halafu akaendelea kubishana bei. Alirudi Tabora anacheka. Mimi nilipoona damu iliyoganda kwenye ndala ndiyo nilipiga kelele.

"Twende hospitali!"

"Kwa msumari? Babu yangu angenicheka kaburini."

Akashusha kopo. Rangi mbili, siku kadhaa, uvimbe ukapungua, akaacha. Baada ya muda kidole kikavimba tena, akashusha kopo, kikapungua, akaacha. Kiangazi chote kikaenda hivyo, kuvimba na kupungua, hadi mvua zikaanza na kidole kikawa kama kiazi kitamu, chekundu, chenye tundu dogo linalotoa maji yenye harufu. Bado aliwagawia watu asali na dawa, bado alicheka. Alivaa soksi tu.

Asubuhi moja nikamkuta anaswali amekaa kwenye kiti.

Nilisimama mlangoni. Bibi yangu hajawahi kuswali amekaa. Hata alipokuwa na homa kali aliinama na kusujudu kama kijana. Alipomaliza alinitazama, hakunitania. Akasema, "Kamwite mjomba wako." Hapo nikajua.

Hospitalini alipokelewa na Daktari Nimbona. Ni kijana mrefu, mpole, kwao Ulyankulu, kwenye yale makazi ya watu waliotoka Burundi zamani. Alimwamkia Bibi "shikamoo" akiwa ameinama, Bibi akaitika "marahaba mwanangu" na nikaona ameshampenda. Wakapiga picha ya mguu. Daktari akaiinua dirishani ili tuione mimi na Mjomba Nasri.

Mifupa ya vidole vingine ilikuwa myeupe, mizuri. Wa kidole gumba ulikuwa umeliwa pembeni, una vitundu, kama punje ya hindi iliyoingiwa na dumuzi.  Kumbe muda wote ule, chini ya soksi, kuna kitu kilikuwa kinamla bibi yangu mfupa!

"Bibi, ulikuwa unatumia dawa gani?" daktari akauliza.

"Rangi mbili."

"Kwa siku ngapi?"

"Siku za kuumwa tu. Nikiona nafuu naacha."

Daktari alishusha picha. Hakugomba. Alivuta kiti akakaa ili macho yao yawe sawa. "Wadudu wameingia mfupani. Tutakusafisha kidonda, tutakupa dawa ya mshipa kwanza, halafu vidonge. Vikishindwa, tutakata kidole. Na tukichelewa zaidi ya hapo, Bibi, hatutakata kidole. Tutakata hapa." Akagusa mguu wake mwenyewe chini ya goti.

Bibi aliutazama mkono ule chini ya goti la daktari kwa muda mrefu. Nami niliutazama. Miguu ya kurithi.

Kitanda cha pili alilala Stela, dada mmoja wa Ulyankulu mwenye nimonia. Alikuja amebebwa, midomo imegeuka rangi, anakohoa hadi kitanda kinatembea. Kabla wiki haijaisha alikuwa ameketi anasuka nywele za muuguzi. Asubuhi hiyo Daktari Nimbona alimpima, akasikiliza kifua, akamwambia: "Homa imeshuka, unapumua vizuri. Dawa zako zinaishia leo, siku tano zinakutosha. Kesho nyumbani."

Kisha akageuka kwa Bibi. "Wewe ukitoka hapa utaendelea na vidonge, viwili kwa siku, asubuhi na jioni. Wiki sita kwa kuanzia."

Bibi akaketi wima kitandani.

"Subiri kwanza, daktari. Huyu binti kaja hapa tunamsomea dua za mwisho. Leo siku tano zinamtosha, aende zake. Mimi naumwa kidole. Kidole! Unanipa wiki sita. Nimekukosea nini, mwanangu?"

Stela alicheka hadi akakohoa. "Bibi, tubadilishane basi. Nipe wiki zako nikupe mapafu yangu."

"Mapafu yako yanapiga filimbi, sitaki."

Wodi nzima ikacheka, hata daktari. Lakini hakuondoka. Akauliza, "Bibi, si unauza asali? Siafu wakivamia mzinga wa gogo, wanaondolewaje?"

"Majivu na moshi. Asubuhi hawapo."

"Na mchwa wakiingia ndani ya gogo lenyewe?"

Bibi alifikiri. "Hao ukipangusa nje unajidanganya."

"Basi. Mapafu ya Stela yanapitiwa na damu nyingi, dawa inafika mara moja. Mfupa wako damu inaufikia kidogo, na pale ulipooza haifiki kabisa. Dawa inaingia kwa kuomba njia. Ukiacha mapema, nje pameshakauka, ndani bado wapo."

Mimi nina tabia ya kuuliza, mama anasema itaniponza. Nikauliza, "Kwa nini Stela naye asipewe wiki sita, ili kuwa na uhakika?"

"Ili kuwa na uhakika wa kuharisha?" Daktari akatabasamu. "Zamani hata mapafu tuliyapa siku nyingi kuliko hizi. Watu wakafuatilia wagonjwa, wakakuta waliopata nafuu haraka na kunywa siku chache wanapona sawa na waliokunywa nyingi. Dawa ya ziada haimpi kitu. Inamsumbua tumbo, na inawazoesha dawa wadudu wengine waliomo mwilini."

 Maliza dozi, maliza dozi, nimeimba tangu siku ile ya baiolojia, na kumbe hata dozi yenyewe kuna watu walikaa wakaikata ikawa fupi!

"Mwalimu alituambia maliza dozi. Kwa hiyo Bibi alikuwa sahihi? Ukiona nafuu, acha?"

"Bibi alikuwa na neno moja kwa magonjwa yote. Jino, kifua, mfupa, yote sawa. Na wewe ukisema maliza dozi bila kuuliza ni dozi ya ugonjwa gani, unafanana naye."

"Sasa hizo wiki sita nani alizipanga?"

"Watu. Kwa kuhesabu waliopona na waliorudi. Kuna mahali bado tunabishana. Mimi naanza na sita, halafu nitautazama mguu. Nikiona bado, nitaongeza. Nikiona tayari, nitaacha."

Sijui nilikuwa nawaza nini siku zote. Labda niliwaza kwamba siku za dawa zimeandikwa mahali fulani, kama saa za kuchomoza jua. Kumbe ni mtu, amevaa koti jeupe lililotoka kifungo kimoja, anaangalia mguu wa bibi yako na kuamua. 

Tukarudi nyumbani. Kidole kilianza kukauka. Kila asubuhi kabla sijaenda shule nilimwona Bibi akimeza kidonge chake kikubwa cheupe, anakunja uso, anakisukuma kwa chai. Jioni sikumwona, kwa sababu tulikuwa na masomo ya ziada na nilirudi giza likiingia. Nikimuuliza, "Bibi, dawa?" ananijibu, "Ya leo imekwisha." Nami naridhika.

Siku moja mvua kubwa ilinyesha, mwalimu hakuja, tukaruhusiwa mapema. Nikaingia uani nimelowa, viatu mkononi. Barazani alikaa Bibi na jirani yetu Mama Doto, na mwanawe Doto amelala mapajani mwa mama yake. Bibi ameshika pakiti ya dawa zake. Akakibonyeza kidonge kikatoka, akakiweka kwenye kiganja cha Mama Doto.

"Kipasue nusu. Yeye mdogo."

"Mungu akuzidishie, Bi Mwamvita. Na kile cha juzi kilimtuliza kweli."

Viatu vilinidondoka.

"Bibi! Hicho ni cha kwako!"

"Punguza sauti, wewe. Changu nimeshakunywa asubuhi."

"Ni viwili kwa siku!"

"Najua kuhesabu, nimeuza asali kabla mama yako hajaota jino. Kimoja cha Mwamvita, kimoja cha mwenye shida. Tangu lini mtu akapewa sahani mbili, wenzake wanamtazama, akala zote?"

Nilimwomba Mama Doto kidonge, akakifumbata. Nikamuuliza Bibi ni nani wengine. Alinitajia bila kuficha, kama mtu anayetaja waliohudhuria harusi: muuza mkaa aliyekuwa na tumbo, binti wa nyumba ya kona mwenye jipu, fundi baiskeli mwenye jino, na Doto. Kila jioni mtu mmoja. Wengine walikuja wenyewe, wengine yeye aliwatuma watoto wakawaite.

Nilikaa chini palepale kwenye maji. Mguu wa bibi yangu ulikuwa umegawiwa mtaa mzima, kipande kipande, na kila aliyepokea alisema asante.

"Mbona unalia?" Bibi akauliza, akauinua mguu wake. "Tazama. Uvimbe uko wapi? Nafuu ninayo."

Na kweli, kwa macho uvimbe haukuwepo.

Nilimwambia mjomba usiku huohuo. Mjomba akafoka, Bibi akanuna, akaahidi. Lakini tulikuwa tumechelewa. Kabla ya siku ya kurudi kliniki kufika, alianza kutetemeka mchana kweupe, meno yanagongana, na tulipofungua kitambaa, kidole gumba kilikuwa cheusi upande mmoja na cha pili yake kimevimba.

Daktari Nimbona alitazama. Akauliza polepole, "Bibi, vidonge ulikunywa vyote?"

Bibi yangu ana mambo mengi lakini hasemi uongo. "Nilikunywa vya asubuhi."

"Na vya jioni?"

"Nilivitoa."

"Ulivitoa vipi?"

"Nilivitoa sadaka."

Muuguzi aliyekuwa anakata plasta aliacha mkasi hewani. Daktari alitugeuzia mgongo akatazama dirisha. Nilidhani atafoka, na ningefurahi angefoka. Alipotugeukia macho yalikuwa mekundu.

"Umewapa watu nusu, na wewe umebaki na nusu. Hakuna hata mmoja aliyetibiwa. Wadudu wameionja dawa, kama wewe unavyoonja asali, wakaijua. Na yule mtoto, hicho kidonge si cha watoto hivihivi."

"Nilimpa kipande."

"Bibi."

 Mikono ya Bibi ililala mapajani kama ya mtu mwingine.

Walimkata vidole viwili. Mguu ukabaki, na daktari alisema tushukuru. Muuguzi akamkabidhi Mjomba Nasri kifurushi kidogo, na mjomba akakifunga kwenye kitambaa cheupe, akakipeleka makaburini kukizika, kama ilivyo kwetu. Nilimfuata hadi getini nikashindwa kuendelea. Sikujua kwamba mtu anaweza kuzikwa kidogo kidogo hali bado anakunywa uji wodini. Bibi alipoambiwa vimeshazikwa, alitikisa kichwa.

"Vimekwenda kunishikia nafasi," akasema. Akacheka. Halafu akalia, na hapo ndipo aliponiuliza, "Zile wiki zinaendelea pale zilipokomea?"

Nikamwangalia daktari. Daktari akasema, "Hapana, Bibi. Tunahesabu upya tangu leo. Na dawa nimebadilisha."

Alirudi nyumbani na magongo. Tukaweka utaratibu wetu: niliomba ruhusa shuleni, nikawa narudi mapema, na kila jioni baada ya magharibi alimeza mbele yangu kisha akafungua mdomo na kuinua ulimi. "Askari, kagua," ananiambia. Nilikagua kweli, na tochi ya simu.

Shida haikuwa kumeza. Shida ilikuwa watu. Waliendelea kuja. Kila mmoja alisimama barazani akaulizia kopo, na Bibi akasema hakuna, na mtu akaondoka taratibu akigeuka nyuma, kana kwamba amekosea nyumba.  Nadhani kukataa huko kulimuuma Bibi kuliko vidole.

Jioni moja akaja Mama Doto, Doto mgongoni, pua zinachuruzika, mwili wa moto. Alimkuta Bibi ameshika kidonge mkononi na kikombe cha maji mkono wa pili.

"Bi Mwamvita, mtoto kashikwa tena. Nipe hicho japo nusu."

Bibi alikitazama kidonge. Akamtazama Doto, ambaye alimnyooshea mikono kwa sababu amezoea kulambishwa asali pale.   Bibi akakiweka mdomoni, akanywa maji, akameza.

Mama Doto hakuamini. "Umemeza? Mbele ya mtoto?"

"Nimemeza."

"Haya. Siku hizi Bi Mwamvita umekuwa mchoyo."

Mchoyo! Bibi yangu! Hilo neno halijawahi kuingia katika ua wetu. Nilisimama nikitaka kumrushia Mama Doto maneno, lakini Bibi alishanyoosha mkono.

"Najiat, nipe magongo. Na hilo kopo lishushe." Kisha akamgeukia Mama Doto. "Kukupa siwezi. Kukusindikiza naweza. Zahanati bado iko wazi."

"Na mguu huo?"

"Mguu ni wangu. Twende."

Tukapanda bajaji wote wanne, kopo mapajani mwa Bibi. Zahanati, tabibu alimtoboa Doto kidole akapima malaria, hakuna. Akamsikiliza kifua, akamchungulia masikio na koo. "Ni mafua tu. Mpe vinywaji, mfutefute kwa maji ya uvuguvugu, akipumua kwa shida au homa isiposhuka kesho kutwa mrudishe."

"Na dawa ya rangi mbili?" Mama Doto akauliza.

"Hahitaji."

"Nauliza, dozi yake siku ngapi?"

"Hakuna dozi, mama. Hiyo dawa haiui mafua."

"Hata siku moja?"

"Hata moja."

Mama Doto alitugeukia sisi kama vile tumemtapeli. "Nimezungushwa mjini na mtoto mgonjwa, narudi na maji ya kunywa!"

Mimi nilikuwa nahesabu kichwani: Stela siku tano, Bibi wiki sita tena upya, Doto sifuri. Na kopo letu muda wote lilikuwa na jibu moja. Bibi alilisukuma mezani kwa tabibu. Yule tabibu alifungua kifuniko, akachungulia ndani, akakifunga haraka kama aliyeona nyoka.

"Bibi, hivi vyote ulikuwa unawapa watu?"

"Ndiyo, mwanangu," Bibi akasema. "Kwa nia njema kabisa."

Doto alipona kwa uji. Mama yake aliueleza mtaa kwamba Bi Mwamvita kabadilika, na baadhi wakaacha kutusalimia kwa muda. Bibi hakujitetea. Aliendelea kumwita Doto kila asubuhi, kumlambisha kijiko.

Siku ya kliniki ya mwisho, Daktari Nimbona alipiga picha mpya, akaiinua dirishani palepale. Nilifumba macho kwanza. Nilipofumbua, mfupa ulikuwa umekatika ghafla mahali walipokata, lakini uliobaki ulikuwa mweupe, bila kitundu. Akalikandamiza kovu, akanusa kitambaa, akasoma majibu ya damu. Akakaa kimya, nami nikaona anaamua. Ndivyo inavyokuwa, kumbe. Mtu anakaa kimya kidogo.

"Tunaacha," akasema. "Leo."

"Niache?" Bibi akafungua pindo la kanga. Mlikuwa na pakiti, na ndani yake vidonge kadhaa vimebaki. "Mbona havijaisha?"

"Wewe umemaliza. Hivyo vimebaki tu."

Akanyoosha kiganja. Bibi naye akanyoosha pakiti, lakini hakuiachia. Wakabaki wameishika wote wawili, huyu huku na yule kule.

"Unampelekea nani?" Bibi akauliza.

"Simpelekei mtu. Vitaharibiwa."

Kwa mara ya kwanza nilimwona Bibi ameshtuka kuliko mimi. Macho yalimtoka. "Vitaharibiwa? Vizima hivi?"

"Vizima hivyo, Bibi."

Alipumua kwa nguvu. Akaachia kidole kimoja, kisha kingine, hadi pakiti ikabaki mkononi mwa daktari. Alikifunga tena kile kipindo cha kanga ingawa hakikuwa na kitu, akachukua gongo moja, la pili akaniachia nilibebe.

Nje alitembea akiegemea upande wa kushoto, polepole, akiutafuta mkao wa mguu wake mpya. Bajaji mbili zilisimama, akazipungia mkono zipite.

"Muulize mjomba wako," akaniambia bila kugeuka, "treni ya Igalula inapita siku gani."